Zoom kwa Waliofanyia Kazi Nyumbani Wakati wa UVIKO-19

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, wengi wetu tulihamishia ofisi kwenye meza ya chakula, na programu ya Zoom ikawa ndiyo chumba cha mikutano. Kwa wepesi wa matumizi naisifu bila kusita: mtu alipokea kiungo, akakibonyeza, akaonana na wenzake hata kama hakuwahi kufunzwa. Toleo la bure lina kikomo cha dakika 40 kwa mkutano wa kikundi, kikomo ambacho, nakiri, kiliwasaidia wasemaji wa maneno marefu kufupisha. Kuhusu wavamizi wa mikutano, tangu tarehe 5 Aprili 2020 nywila na chumba cha kusubiri, yaani mahali mgeni anapongoja mpaka mwenyeji wa mkutano amruhusu kuingia, viliwashwa bila mtumiaji kuviomba. Kilichonichosha si programu, bali ratiba ya mwajiri wangu, aliyepanga mikutano mfululizo hata nikashinda nikiutazama uso wangu mwenyewe kwenye skrini, mpaka nilipogundua kwamba ningeweza kuificha picha yangu nisiione, ilhali wenzangu wakiendelea kuniona. Kitufe hicho kidogo kilinipumzisha kuliko mapumziko yote niliyoahidiwa.