Raba ya kioo cha mbele ya Volkswagen kobe: nimeifunga nyumbani, mara mbili

Mimi ni fundi cherehani, si fundi magari, kwa hiyo anayetaka maneno ya kitaalamu atavumilia. Gari ni Volkswagen 1300, ile ya umbo la kobe (Beetle), ya mwaka 1971, niliyoachiwa na baba mkubwa. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, sasa imekuwa ya chai ya maziwa. Watoto wa mtaa hapa Magomeni, Mtwara, wanaiita Kobe, nami nimekubali. Siendi nayo mbali. Sokoni, Shangani, na Ijumaa moja moja Mikindani kwa wakwe.

Tangu Januari mvua zilipokolea, kila nikikanyaga breki maji yalinimwagikia gotini. Yalikuwa yanaingilia kona ya chini ya kioo upande wa dereva, yanateremka nyuma ya dashibodi jirani kabisa na boksi la fyuzi, kisha yanakwenda kujificha chini ya zulia. Siku nilipoinua zulia nikakuta bati la sakafu limeanza kumenyuka. Raba yenyewe, ile inayozunguka kioo na kukishika kwenye bodi, ukiikunja inakatika kama kaukau. Hapo ndipo nilipopiga simu Dar es Salaam, Gerezani, kwenye duka nililoelekezwa na dereva mmoja wa teksi. Jina la duka naliacha, utaona kwa nini.

Nikamwambia kijana wa dukani nataka raba ya kioo cha mbele ya kobe. Hakuniuliza ya mwaka gani. Nilipomuuliza mimi kama kuna tofauti, akanijibu, "Mzee wangu, kobe zote zinaingiliana." Shilingi 85,000, na 10,000 ya kuisafirisha kwa basi. Kesho yake jioni mzigo umefika stendi, nikaupokea kwa furaha ya bwana harusi. Nikaizungusha raba kwenye kioo: ikazunguka, ikarudi ilipoanzia, na bado ikabaki imelegea kama kiuno cha suruali ya kuazima.

Kobe haziingiliani. Mwaka 1972 Volkswagen walitoa 1303, yenye kioo cha mbele kikubwa kilichopinda kama tumbo la mtungi, na raba yake ni ndefu. Kobe za kawaida, za modeli ya 1965 na kuendelea, zina kioo ambacho ukikitazama haraka ni bapa, raba yake fupi. Zilizotangulia hapo zina kioo kidogo zaidi, na raba yake ni nyingine tena. Kwa hiyo ukipiga simu taja mwaka na modeli, na muuzaji asipokuuliza, muulize yeye. Duka lilikubali kunibadilishia, hilo nalisema kwa haki, lakini nauli ya basi kwenda na kurudi nimeilipa mimi.

Iliyokuja mara ya pili ndiyo ninayoitolea maoni hapa. Imetengenezwa Brazil. Ina mfereji kwa nje wa kupachika ule utepe unaong'aa ambao sote tunauita kromu, ingawa ni alumini. Hili nalo ni la kuuliza kabla hujatuma pesa, kwa sababu ziko raba za aina mbili, zenye mfereji wa kromu na zisizo nao, na ukinunua isiyo nao kromu zako utazitundika ukutani.

Kwa mkono ni raba nzuri. Laini bila kuwa legevu, nyeusi ya kweli, haiachi masizi kwenye vidole. Kona zake zimefinyangwa kwenye kalibu, hazikuungwa kwa gundi. Niliwahi kuiona nyingine kwa fundi mmoja huku Chikongola iliyoungwa kona zote nne, na kona mbili zilikuwa zimeshaachia kabla gari halijatoka gereji. Hii yangu ina kiungo kimoja tu, na nilikitafuta kwa kucha ndipo nikakiona. Hakuna karatasi ya maelekezo ndani ya mfuko. Hata mstari mmoja hakuna, na hilo ndilo lililonigharimu siku nzima.

Kuitoa ya zamani ni kazi ya nusu saa. Ng'oa mikono ya waipa kwanza. Mimi nilichukua wembe wa kufumulia nguo nikakata mdomo wa nje wa raba kuzunguka kioo chote, shemeji akasukuma kutoka ndani kwa viganja, mimi nimekidaka nje. Kioo kikalazwa juu ya godoro. Chini ya raba, kwenye ukingo wa bati, tulikuta kutu ya miaka sijui mingapi. Sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi, na maji yakituama pale hayana haraka. Bahati nzuri haijatoboka. Nilikwangua, nikapiga msasa hadi bati likawa jeupe, nikapaka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili, nikaiacha ikauke siku mbili chini ya turubai. Ukiruka hatua hii unafunga raba mpya juu ya kidonda.

Sasa kufunga. Raba ina mifereji miwili mikubwa: mmoja unameza kioo, mwingine unameza ukingo wa bati la bodi. Unaivisha raba kwenye kioo kwanza, kiungo kikae chini katikati. Kisha unalaza kamba ndani ya ule mfereji wa bodi, kuzunguka kote, ncha mbili zipishane chini kama shubiri moja na zining'inie ndani ya gari. Unapachika kioo kutoka nje. Mtu wa nje anakandamiza, wewe ndani unavuta kamba, na kamba inapotoka inaugeuza mdomo wa raba uvuke ukingo wa bati. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu. Ni kamba ya kiuno cha pajama! Nimepitisha kamba kwenye mapindo miaka thelathini.

Na kwa kiburi hicho hicho nikatumia kamba yangu ya dukani, nyembamba, ile tunayoiweka ndani ya ukingo wa mito. Nimevuta kama futi moja nikaona inauma raba badala ya kuigeuza. Imeacha mkato wa urefu wa ukucha, upo mpaka leo hapo chini katikati. Nikamtuma mtoto ufukweni kwa wavuvi, akarudi na kamba ya nailoni ya unene wa milimita nne hivi. Hiyo ndiyo. Kuilaza ndani ya mfereji, toa wino kwenye kalamu ya biki, pitisha kamba ndani ya mrija mtupu, halafu endesha mrija ndani ya mfereji kama unaandika. Kamba inajilaza yenyewe.

Mzee jirani, ambaye hakukosa hata dakika moja ya kazi hii kutoka barazani kwake, alishauri tupake mafuta ya nazi ili raba iteleze. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo yako naipokea lakini mafuta siyapokei." Alicheka yeye kuliko mimi, maana shikamoo ndiyo kwanza nilikuwa nimempa mimi. Mafuta yanabaki ndani na baadaye yanaila raba. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, iliyozimuliwa, usiifanyie ubahili.

Kioo kikaingia. Dakika arobaini, kimekaa vizuri, tumepeana mikono. Nikachukua kromu ili niipachike kwenye mfereji wake wa nje. Haiingii. Nikajaribu kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, nikajaribu kwa sabuni, shemeji akajaribu kwa matusi. Wapi. Raba ikishabanwa kati ya kioo na bodi, ule mfereji wa kromu unajifumba kama mdomo wa mtoto aliyekataa uji. Kromu inapachikwa kioo kikiwa bado godoroni, kabla ya kamba, kabla ya chochote. Fundi yeyote mzee wa kobe analijua hili. Hakuna aliyeniambia, na ningeandikiwa mstari mmoja kwenye mfuko ningelijua.

Tukatoa kioo. Safari hii bila kukata, kwa kusukuma raba taratibu kutoka ndani na kijiti cha mianzi kilicholainishwa ncha. Jua lilikuwa limeshazama.

Kesho yake niliilaza raba juu ya bati la banda saa sita mchana, saa nzima. Jua la Mtwara ni oveni isiyo na bili, na raba ilishuka ikiwa laini kama chapati. Kromu ya kobe ni vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, vinavyokutana juu na chini kwa vibano vidogo. Zikaingia kwa dole gumba tu. Kuwa mpole kwenye kona, alumini hiyo ikijikunja haikunjuki tena.

Kisha kamba, sabuni, kioo. Shemeji nje, mimi ndani nimekaa kiti cha abiria. Vuta kamba kuelekea katikati ya kioo, si kuelekea kwako, na vuta kidogo kidogo, sentimita mbili, tatu. Kila ikivutwa unasikia "pwa", mdomo wa raba umevuka bati. Shemeji anapiga kiganja pale pale ninapovuta, anafuata kamba kama mguu wa cherehani unavyofuata sindano. Chini kwanza, halafu kona, halafu pande zote mbili, juu mwisho. Kona ya dereva ilitusumbua. Raba ilivuka, ikarudi, ikavuka tena. Nikarudisha kamba mahali pale peke yake kwa mrija wa kalamu, sabuni zaidi, shemeji akaegemea kwa kifua. Pwa.

Nimeimwagia maji kwa mpira robo saa, mke wangu ndani na tochi na karatasi za chooni kazipanga juu ya dashibodi. Karatasi kavu, isipokuwa tone moja chini katikati, pale pale kamba yangu nyembamba ilipouma. Nimepaka mastiki ya kuzibia kidogo chini ya mdomo wa raba. Tangu hapo mvua kubwa tatu zimepita na zulia ni kavu, ingawa nalinusa kila asubuhi kwa mazoea.

Kwa hiyo raba yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa kukosa maelekezo. Duka nalo nalipa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu walipokea simu yangu ya pili bila kukata. Bei baada ya nauli zote za basi imefika 115,000, na bado ni nafuu kuliko sakafu mpya.

Kioo cha nyuma nacho kimeanza kulia, na chini ya kiti cha nyuma ndiko betri inakokaa, kwa hiyo sisubiri masika mengine. Nimeshaagiza raba yake pale pale. Safari hii nimemtumia kijana picha ya kadi ya gari, picha ya kioo kikiwa na futikamba yangu juu yake, na picha ya mfereji wa kromu. Amejibu, "Sawa mzee wangu, kumbe unajua." Kamba ya wavuvi ninayo, imetundikwa msumarini pamoja na mrija wa biki.