Taa mpya kwenye Roadster ya 1992: uzoefu wangu barabara ya Uyole hadi Tukuyu

Nina Mazda Roadster ya mwaka 1992, ile ya viti viwili ambayo taa zake zinalala ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Japani iliuzwa kwa jina la Eunos. Huu ni mwaka wa nne niko nayo na sijawahi kujuta kuinunua, ila usiku ilikuwa haioni kabisa. Na mimi kila Ijumaa jioni natoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu kwa mama.

Anayeijua barabara hiyo hahitaji maelezo mengi. Ukiiacha Uyole unaanza kuipanda milima ya Uporoto, na kati ya Isyonje na Ntokela ukungu unashuka hata jua halijazama. Kina mama wanashona magunia ya viazi kando ya lami, bodaboda zinapita bila taa ya nyuma, watu wamejifunga makoti meusi kwa baridi, na malori ya kwenda Malawi yanakuja yameijaza barabara. Mwezi wa tatu, jirani na Ntokela, nilimwona mtoto mwenye ndoo kichwani nikiwa nimeshamfikia. Nilikwepa, sikumgusa. Nilisimama mbele kidogo, mikono inatetemeka, nikazima injini na kukaa pale muda mrefu. Nilipofika kwa mama nilishaamua kwamba taa nabadilisha.

Nilikosea mwanzoni kwa kukimbilia balbu. Nilinunua pea ya LED za soketi ya H4, ile ya taa za mbele, kwa shilingi 45,000, nikazichomeka mwenyewe uani. Ukutani zilikuwa nyeupe pe! Nikaona nimemaliza kazi.

Barabarani ikawa hadithi nyingine. Mita kumi za mbele ya gari ziliwaka kama mchana, mbele ya hapo giza, na mwanga uliobaki ulipanda juu kwenye miti. Nilipoingia kwenye ukungu nikawa nimejiwekea pazia jeupe mbele ya kioo. Fuso moja iliyosheheni ndizi ilinipigia fulu (taa kali za mbali) mara tatu. Nilimkuta dereva wake Kiwira, naye alikuwa amegeuza kufuata mzigo mwingine. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, hiki kigari chekundu ni chako? Umenifumba macho pale mlimani, tairi zimeshuka kwenye lami. Sisi tunapita hapa usiku kucha, na wote tuna watoto nyumbani." Hakupandisha sauti. Nilimwomba radhi, na kesho yake asubuhi nikazing'oa.

Baadaye ndiyo nikaelewa kwa nini. Ndani ya balbu ya kawaida ya H4 kuna nyuzi mbili, moja ya dimu (mwanga wa chini wa kupishana) na moja ya fulu. Chini ya uzi wa dimu kuna kijikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande. Reflekta (sahani ing'aayo ndani ya taa inayorusha mwanga mbele) na kioo cha mbele vimechongwa kwa kuutegemea uzi ule, mahali pale pale, kwa kipimo cha milimita. Ukiweka LED ambayo vipande vyake vya mwanga vimekaa kwingine, mwanga unatawanyika hovyo. Kwa hiyo unakuwa na taa kali na huoni mbali, na anayekuja mbele yako ndiye anayeumia.

Nilikwenda Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa fundi umeme mmoja mtu mzima. Kabla ya kugusa kitu aliinamia taa, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akaniita nitazame. Reflekta ilikuwa ya kijivu kama sufuria lililosuguliwa na majivu miaka mingi, na chini kulikuwa na doa la kutu. "Mwanangu, hata uweke jua humu ndani, halitatoka," akasema. Kisha akachukua mita. Injini ikiwa inanguruma, betri ilisoma volti 13.9. Kwenye soketi ya taa, dimu ikiwa imewashwa, ilisoma 11.8. Nilidhani mita ina kasoro, akarudia na namba ikawa ile ile. Soketi yenyewe ilikuwa na rangi ya chai na plastiki yake imeanza kuyeyuka upande mmoja.

Hapa naomba wenye magari ya zamani mnisikilize vizuri. Balbu ya uzi ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake unashuka kwa karibu asilimia 30. Mimi nilikuwa napoteza zaidi ya volti mbili njiani. Umeme ulikuwa unazunguka kwenye waya wa miaka thelathini na swichi ya usukani iliyochoka ndipo ufike kwenye taa. Hata balbu mpya ingefika pale na njaa.

Dawa yake ni waya mpya na rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), moja ya dimu na moja ya fulu. Umeme wa taa unatoka betri moja kwa moja, unapita kwenye fyuzi, na swichi ya usukani inabaki na kazi ndogo ya kuiamsha rilei. Vifaa shilingi 35,000, ufundi 30,000. Kijana mmoja pale gereji alinishauri niweke na balbu za wati 100. Mzee alikataa, na mimi nikakataa: soketi ilishayeyuka kwa wati 55.

Taa zenyewe ndizo zilizonifurahisha kuliko yote. Nilishajiandaa kuagiza Dar au hata Japani. Mzee akachukua futi, akapima kioo kutoka ukingo hadi ukingo. "Inchi 7. Hii si ndiyo ya Land Rover 110?" Na kweli, duara ni lile lile, na Land Cruiser nyingi za zamani ni hivyo hivyo. Mbeya hatuwezi kukosa taa ya Land Rover! Tulipata pea ya Koito, taa za Kijapani, zilizotumika, zilizotoka kwenye Land Cruiser, kioo kizuri na reflekta inang'aa, kwa shilingi 110,000. Nikaweka balbu za H4 za wati 60/55, za uzi.

Nusura ninunue taa kamili za LED za duara zilizotengenezwa kwa ajili ya Jeep za Marekani. Nashukuru sikufanya hivyo. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo dimu yao inapanda kidogo upande wa kulia kumulika ukingo wa barabara yao. Kwetu huko ndiko liliko lori linalokuja. Taa ya kwetu lazima ipande kushoto, waliko watembea kwa miguu. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana taa zao hazitusumbui. Zaidi ya hapo, LED nyingi za duara zina kipoozeo kikubwa nyuma, na nafasi ya nyuma ya taa kwenye Roadster ni fupi.

Kuzilenga tulifanya jioni, ukutani. Gari mita 5 kutoka ukutani, mimi nimekaa kwenye kiti maana gari hili ni jepesi na uzito wa mtu unalibadilisha, mstari wa dimu ukashushwa sentimita 5 chini ya usawa wa taa. Skrubu moja ilikuwa imeshikwa na kutu, ikatuchukua karibu saa nzima na mafuta ya breki.

Sasa nina miezi minne nazo, na mita kwenye soketi inasoma 13.5. Mwanga si mweupe, una unjano kidogo, na kwenye mvua ya Tukuyu unanifaa kuliko ule mweupe. Naona miguu ya watu kushoto kwangu mapema, naona kona inavyokata. Kwenye ukungu mzito bado natambaa kwa spidi 30 na dimu tu. Hakuna aliyenipigia fulu tangu wakati huo.

Mota ya taa ya kushoto ndiyo imebaki, inainuka kwa uvivu asubuhi za baridi, na mara mbili nimefungua boneti nikaiinua kwa kuzungusha kile kitufe cha mkono kilicho chini ya kifuniko cha mpira. Taa za zamani nimezitunza, vioo vyake havina ufa. Kama kuna anayemjua fundi wa kung'arisha reflekta upya, Mbeya, Makambako au hata Iringa, naomba anielekeze.