TAHADHARI: Fundi wa miamba ya bandia kaniliza mchana kweupe

Jamani, nimekaa na aibu hii siku nne kabla ya kuandika. Baada ya yale yaliyonikuta kwenye tangi langu la kwanza la samaki, ambayo siyarudii, ni mimi tena wa kulizwa na fundi?

Nilimtaka anijengee ukuta wa mwamba ndani ya tangi la samaki. Alikuja na sampuli ndani ya gunia. Akaitua mezani, ti! Jiwe kabisa. Akanipa msumari nikwangue. Nikakwangua mpaka kidole kikauma, haikutoka hata chembe. Mikono yake ilikuwa na saruji imeganda kwenye mistari ya viganja, na habari za nondo, wavu na plasta ya kuchonga ingali mbichi alizimwaga kama sala. Wewe usingemwamini? Hata mke wangu, ambaye hamwamini hata kaka yake, alisema huyu anaijua kazi. Nikalipa yote. Yote, siyo nusu!

Siku ya tatu ukuta umesimama ndani ya tangi, una mapango na mipasuko, mpaka kuvu ya kijani kaichora. "Jaza maji, bosi, saruji imeshakauka." Nikajaza. Jioni ileile nikaweka samaki.

Asubuhi wote chali. Nikachovya kikaratasi cha pH, kile cha kupima asidi na magadi ya maji, kikakimbilia rangi ya mwisho kwenye chati, upande wa magadi: saruji mbichi hiyo. Nikiwa bado nimekishika, ukuta ukabanduka kwa chini, ukaibuka na kuelea kama mtumbwi! Ndani ni lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, juu limepakwa saruji nyembamba kama ganda la yai. Nondo hakuna, wavu hakuna, hata gundi ya silikoni ya kulishikiza hakuna.

Huyu ni wa kufungwa, na kabla ya kufungwa anyweshwe maji ya lile tangi, glasi baada ya glasi. Tena nasikia kuna mtu kajengewa banda la kobe vilevile, na kobe anang'ata lile povu. Mwizi mkubwa!

Dalili zilikuwepo. Alifanya kazi nikiwa sipo, sikuona ndani kabla ya plasta. Na haraka ile: saruji huhesabiwa siku 28 ndipo ikomae, na hata hapo unaloweka, unamwaga maji, unapima tena mpaka pH itulie. Nilikuwa najua haya, ndiyo maana naumia.

Simu yake inaita, hapokei. Akija kwako na gunia lake, mkaribishe chai, kisha nipigie mimi.