Super 98 kwenye Subaru WRX STI: uzoefu wangu Sharjah

Gari langu ni Subaru WRX STI, injini ya EJ257 ya lita 2.5 yenye turbo, na lilitoka Marekani kama yalivyo mengi kwenye yadi za Sharjah, Falme za Kiarabu. Nimelipitisha misimu kadhaa ya joto la hapa, na ninalijaza petroli ya Super 98. Kwa gari hili ninaipendekeza bila kusita. Nyumbani kuna Corolla pia, ambayo kitabu chake cha mwongozo kinataka petroli ya 91 tu, nayo siinunulii Super hata siku moja.

Vituo vya huku huuza petroli za namna tatu: E-Plus 91, Special 95 na Super 98, ingawa si kila kituo kina zote. Mgeni kutoka Nairobi, ambako super ni petroli ya kawaida tu, akimtajia mhudumu "super" atajaziwa ile ya bei ya juu kuliko zote. Bei hutangazwa kila mwezi tangu Agosti 2015. Januari 2023, kwa mfano, Super ilikuwa dirhamu 2.78 kwa lita na Special dirhamu 2.67, na pengo la filsi 11 au 12 ndilo ninaloliona miezi mingi. Tangi la STI ni lita 60. Kwa hiyo kulijaza lote kwa Super kunaniongezea kama dirhamu 7 hivi, na kwa injini ya thamani hii sioni la kujadili.

Namba hizo 91, 95 na 98 ni za oktani, na oktani si kipimo cha nguvu ya mafuta. Lita ya 98 haina moto mkali kuliko lita ya 91. Namba ile inaeleza jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na kupashwa joto bila kujiwakia yenyewe kabla ya wakati. Kwenye kipimo hicho isooktani hupewa 100 na heptani hupewa 0. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, hewa ikibanwa hupata joto, na hapa mwezi wa Agosti hewa yenyewe inaingia ikiwa na nyuzi 45. Petroli isiyostahimili hulipuka kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo ndipo mafundi wanaposema injini inagonga. Subaru ina sensa inayosikiliza mlio huo wa kugonga, na kompyuta ya gari ikiupata huchelewesha cheche ili kuinusuru injini. Nguvu inapungua. Kugonga kukizidi, pistoni za EJ257 hupasuka pale zinapokaa ringi, na wenye injini hizi wanajua gharama ya kuifungua na kuijenga upya.

Sikutaka kutegemea hisia, maana mtu akishalipa zaidi huona gari limekuwa jepesi hata kama halijabadilika. Nilichomeka Accessport, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, nikapanda nalo Jebel Hafeet kule Al Ain. Barabara ile ni zaidi ya kilomita 11 za lami safi, kona juu ya kona, mlima mtupu. Nilipanda kwanza na Special 95, kisha siku nyingine tangi likiwa limekaribia kuisha nikaweka Super. Kwa 95, alasiri ya joto, gia ya tatu na mguu chini, kompyuta ilikuwa ikirudisha cheche nyuma kwa digrii 1.4 tena na tena, mara nyingine 2.8, na kuanzia katikati ya mlima nililisikia gari limekuwa zito. Kwa 98 namba ilikaa kwenye sifuri karibu njia nzima, na gari lilivuta vilevile kutoka chini hadi juu.

Angalizo: baada ya kubadilisha mafuta, lipe gari muda. Kompyuta hujifunza polepole, na masalia ya petroli ya zamani bado yamo tangini.

Nikiwa barabara kuu ya kwenda Dubai usiku wa Januari, mwendo wa 100, kati ya 95 na 98 sikuona tofauti yoyote. Ulaji wa mafuta nao sikuweza kuutenganisha na foleni. Basi asiyekanyaga, na ambaye kitabu chake kinaruhusu 95, abaki na Special. Marekani kwenyewe AAA, shirika la wenye magari, lilikadiria mwaka 2016 kwamba madereva walikuwa wametumia zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kununua petroli ya daraja la juu kwa magari yanayohitaji ile ya kawaida.

Jambo linaloniumiza roho zaidi ni namba za Kimarekani. Mwongozo wa STI yangu unataka 93, na 91 kama 93 haipatikani. Mtu anasoma 91, anamwambia mhudumu ajaze E-Plus 91, anaondoka ameridhika. Wamarekani hupima oktani kwa njia mbili, RON na MON, kisha huandika wastani wake. Pampu za huku zinaonyesha RON peke yake, ambayo huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo 91 yao ni takriban 95 au 96 ya hapa, na 93 yao ni kama 98. E-Plus 91 inalingana na 87 yao, petroli yao ya kawaida kabisa. Kuitia kwenye turbo iliyoandikiwa daraja la juu, katika joto hili, ni kuiweka injini hatarini kila unapokanyaga.

Magari haya ya usukani wa kushoto hayaishii hapa. Mengine hupakiwa melini na kuendelea hadi Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, na namba zake huenda nayo. Ndugu uliyeko huko, ukiona 91 kwenye gari lililotoka Marekani, tafuta petroli isiyopungua RON 95. Na kituo kikikuuzia petroli yenye jina kubwa, uliza RON yake kwanza, kwa sababu dawa za kusafisha nozeli za injini zinazochanganywa humo ni kitu kingine na hazizuii injini kugonga.