Seti nzima ya gasketi za Land Rover 2.25: ya hedi safi, raba ovyo

Anayefufua Land Rover Series III ya petroli (cc 2286, ndiyo ile inayoitwa 2.25) nyumbani hapa Mwanza hachelewi kukutana na seti hii madukani: mfuko wa nailoni usio na jina la kiwanda, ndani yake gasketi (vizibio vya kukaa kati ya vyuma viwili) za hedi, yaani kichwa cha injini, za manifoldi, taimingi na sampu (bakuli la oili), pamoja na raba zote. Bei ni rahisi kuliko seti zinazoagizwa Uingereza. Inunuliwe, lakini kwa ajili ya gasketi ya hedi. Vilivyobaki vipitiwe kimoja kimoja. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji kama kranki ya injini ni ya beringi 3 au 5, kwani za 5 zilianza mwaka 1980.

Gasketi ya hedi haina shida. Pete za chuma za kuzunguka silinda zimekunjwa vizuri, na matundu ya maji yanakaa mahali pake. Hata hivyo ilaze kwanza juu ya bloku ikiwa kavu, uangalie matundu ya pushirodi, fimbo zinazosukuma valvu: ukingo usiguse fimbo hata kidogo.

Wengi wanaosema gasketi hii inaungua wanaionea. Kosa liko kwenye ufungaji. Laza rula ya chuma juu ya hedi. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya mm 0.05 ikipenya katikati, hedi iende ikachongwe. Mafundi wa kuchonga wapo Nyakato, ila wakitoa sana kompresheni inapanda na injini inaanza kugonga, kwa hiyo waambie watoe kiasi cha kunyoosha tu. Kisha matundu ya boliti kwenye bloku yapulizwe hadi yakauke. Maji au oili ikibaki chini, boliti inabana kimiminika badala ya hedi: toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inalia mapema, au bloku inapasuka. Boliti kubwa zifungwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, 30, 50, hadi futi-paundi 65 (karibu Nm 88). Washa injini ipate moto, iache ipoe kabisa, rudia kukaza, ndipo upime nafasi ya tapeti, yaani uwazi ulio juu ya kila valvu: inchi 0.010 zote nane. Hesabu ni ya tisa, namba za valvu mbili zikijumlishwa: valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa unarekebisha ya 1, ya 7 ikiwa wazi unarekebisha ya 2, hivyo hivyo hadi mwisho. Silikoni kwenye gasketi ya hedi, hapana. Sijui nani aliwafundisha watu hilo.

Raba sasa. Sili za valvu ni ngumu; zibinye kwa kucha, na isiporudi itupe, la sivyo moshi wa bluu kila asubuhi. Gasketi ya tapeti kava ukiipinda inamenyeka. Kibaya zaidi ni zile raba mbili za umbo la T za beringi ya mwisho ya kranki: ni fupi. Zinatakiwa zibaki zimechomoza kama mm 0.8 baada ya kukatwa, ili zibanwe kifuniko cha beringi hiyo kinapofungwa. Zikiwa sawa na kifuniko, oili inapita na kuishia kwenye klachi, na kuirekebisha ni kushusha gia boksi upya. Hizi nunua nyingine, hata kama bei inauma.

Washa za shaba za bomba la oili linalopanda kwenye hedi ni nzuri, tumia.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 96. Mfuniko wa rejeta uliolegea unatosha kuirusha gasketi mpya, kwa hiyo ubadilishwe pamoja na seti. Tumia kulanti (kimiminika maalumu cha rejeta), maji ya kisima huacha magadi ndani ya hedi.

Nenda dukani na gasketi ya zamani. Muuzaji akikataa kufungua mfuko ulinganishe, hamia duka linalofuata.