Uzoefu wangu wa darasa la wanaoanza jiu-jitsu ya Kibrazili

Nina miezi kadhaa tangu nianze jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kupambana chini kwa kubana viungo na kukaba, na mkanda wangu bado ni mweupe, yaani wa ngazi ya kwanza. Naandika sasa hivi kwa sababu maswali ya wageni mara nyingi hujibiwa na watu wa mkanda mweusi, na hao ugeni ulishawatoka zamani.

Niseme mapema kwamba darasa ninalosoma nalipenda, na sababu kubwa ni namna lilivyonianzisha. Wiki za mwanzo hatukupambana kabisa. Tulifundishwa kuanguka bila kuumia, kuchomoa kiuno ukiwa umelaliwa, kuinua nyonga ili kumyumbisha aliyekukalia, na kugonga. Kugonga ni kumpigapiga mwenzako kwa kiganja mwilini, au kupiga mkeka, na hapo hapo anaachia. Mwalimu alitumia muda mrefu zaidi kwenye kugonga kuliko kwenye mbinu yoyote. Siku ya kufundisha kimura, ile ya kuukunja mkono kuelekea mgongoni mpaka bega linakataa, alitusimulia pambano la mwaka 1951 kule Rio de Janeiro. Masahiko Kimura, mwanajudo wa Kijapani, alimbana Hélio Gracie kwa mbinu hiyo hiyo. Hélio, mmoja wa waliouasisi mchezo huu, hakugonga. Mkono ukavunjika, na upande wake ndio uliorusha taulo. Baada ya hapo tukafanya mazoezi polepole, kila mtu akisikiliza bega la mwenzake.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza vizuri kabla ni hali ya kuwa chini. Mtu akikulalia kifuani kwa ubavu, uzito wote kauweka kwenye mbavu zako na bega lake limekusukuma taya, mwili unataka kumsukuma kwa mikono iliyonyooka. Ukifanya hivyo tu, mkono umeshautoa zawadi. Raundi yangu iliyonifundisha zaidi ilikuwa na dada mmoja wa mkanda wa kahawia, mwepesi kuliko mimi kwa mbali. Alinikalia tumboni, nami nguvu zangu zote hazikumsogeza. Hakunimaliza. Alisema, "Viwiko ndani, kaka. Pumua kwa pua." Nikavibana viwiko mbavuni, nikageuka kidogo kwa ubavu, nikasubiri alipoegemea mbele, nikachomoa kiuno, na goti langu likapata nafasi ya kuingia katikati yetu. Ni sentimita chache tu, lakini nilizifurahia kuliko ushindi, maana kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba pale chini kuna kazi ya kufanya, na kwamba utulivu ni sehemu ya hiyo kazi.

Kabali nazo zilinitisha mwanzoni. Ile ya nyuma, mkono ukizunguka shingo, ikikazwa sawasawa inaziba mishipa ya pembeni mwa shingo, na mtu anaweza kuzimia kwa sekunde chache bila hata kusikia maumivu makali. Ndiyo maana unagonga mapema, na ndiyo maana mwenzako wa mazoezi ana umuhimu kuliko ukumbi wenye vioo na mwanga mzuri.

Hilo nalisema kwa uchungu kidogo, kwani kabla ya hapa nilijaribu ukumbi mwingine. Siku hiyo hiyo ya kwanza niliwekwa kupambana na kijana mwenye nguvu aliyevuta mkono wangu kwa kishindo, na nilipogonga aliendelea kidogo kabla ya kuachia. Aliyekuwa anasimamia aliona, akanyamaza. Sikurudi.

Mapungufu ya darasa langu yapo. Mafunzo hayafuati mpangilio unaoeleweka: wiki hii tunapita miguu ya mtu, wiki ijayo tuko kwenye kupiga ngwala, na anayejiunga katikati anapotea. Ningependa wapewe mtaala hata wa ukurasa mmoja. Pia jiandae kwa uchakavu wa mwili. Vidole vinauma kwa kushika kola na mikono ya gi (vazi la mazoezi), na wengi hufunga plasta. Kucha zikatwe kila mara, gi ifuliwe kila baada ya mazoezi, na usiingie mkekani ukiwa na choa au kidonda kibichi. Kwetu mwalimu hukagua, na simuoni kama anazidisha.

Anayetaka mkanda wa haraka atafute mchezo mwingine. Baada ya mweupe kuna bluu, zambarau, kahawia, kisha mweusi, na kwa kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mtu mzima wa kawaida hukaa na bluu angalau miaka 2 kabla ya zambarau. Binafsi kasi hiyo inanifaa, kwa kuwa kila kipindi naondoka na kitu kimoja ninachoweza kukifanya kweli.

Ukienda kuchagua pa kusoma, omba kwanza ukae pembeni utazame raundi kadhaa. Angalia mtu akigonga, mwenzake anaachia upesi kiasi gani. Angalia pia wanawake na watu wadogo kiumbo kama wapo na kama wamedumu hadi mikanda ya juu. Halafu uliza wanaoanza huruhusiwa kupambana lini. Wakikujibu "leo leo", tazama kwingine.