Dining ya mninga kupigwa rangi na glezi Arusha: viti nimevipenda, meza ilinitoa jasho

Nina dining ya mninga ya watu sita na kabati lake la vyombo, ile seti ya zamani yenye miguu ya kukereza na vanishi ya damu ya mzee inayong'aa mpaka unajiona sura, alituachia mama mkwe alipohamia Machame. Mbao nzima kabisa, hakuna hata tundu la mdudu, shida ni muonekano tu, sebule ilikuwa giza saa nane mchana. Baba watoto akasema tuuze, akaja mtu akataja laki mbili na nusu kwa seti yote, nikamwambia kaka nenda salama.

Nikaelekezwa fundi mmoja Kijenge, jina simtaji maana kazi yake nusu nimeipenda nusu imenikera. Alianzia laki nne na nusu tukashuka mpaka laki tatu na ishirini, rangi juu yake, mimi nalipia kirikuu kutoka Sakina kwenda na kurudi.

Kwanza viti, hapo huyu baba anajua. Alivipiga msasa namba 120 mpaka ule mng'ao wote ukaisha, kisha 240 kulainisha, akapaka andakoti, ile rangi ya chini ya kutangulia, halafu mikono miwili ya rangi ya krimu. Nilivyoviona vimekauka roho iliniuma jamani, vilikuwa kama viti vya kantini. Akaniambia dada tulia, glezi bado, yaani ule mchanganyiko mwepesi wa juu wa kupaka na kufuta. Akachukua kopo la Blue Band, vikombe vinne vya vanishi ya maji isiyong'aa, kikombe kimoja cha rangi ya kahawia iliyokolea, akakoroga na kijiti. Akawa anapaka kipande kidogo tu, mfano mgongo wa kiti nusu, na hapo hapo anafuta na kipande cha fulana chenye unyevu, basi ile kahawia inatoka kwenye ubapa inabaki kwenye mifereji ya nakshi na kwenye mikunjo ya miguu, kiti kinatokea kama kimetunzwa miaka mingi kwa watu wenye hela zao. "Ukichelewa kufuta imekula kwako," akasema, na kweli chalii wake alichelewa kwenye mguu mmoja akijibu simu, baka lipo mpaka leo, kile kiti nimekiweka upande wa ukuta.

Sasa meza. Nilimuuliza juu tusiache mbao? Akasema itapendeza ikifanana na viti, nikakubali, kosa langu hilo. Ilikuwa mwezi wa saba, mnajua baridi ya Arusha mwezi wa saba, mawingu kutwa, na yeye kanirudishia meza kesho yake tu baada ya mkono wa mwisho eti imekauka. Kukauka kwa kidole sio kukomaa, rangi ya maji inaweza kuchukua hata mwezi mzima kukomaa na kwenye baridi inazidi, hili nimelijua baadaye. Jumapili nikapakua mtori, bakuli la moto juu ya meza, kunyanyua bakuli limetoka na rangi yake, duara safi kabisa katikati ya meza. Na siku chache baadaye madoa ya kahawia yakaanza kujitokeza chini ya krimu kama chai imemwagika. Kumbana sana fundi akakiri, mninga unatoa rangi yake na ile andakoti ya shelaki ya kuuzuia ilimwishia kwenye viti, juu ya meza akaweka rangi nyeupe ya ukutani. Ya ukutani! Na mimi nimelipia andakoti ya seti nzima.

Nilimpigia mara tatu ndio akaja, ila alikuja, nampa haki yake. Akakwangua juu yote mpaka mbao, ufundi hakunitoza, vanishi nikanunua mimi tena. Sasa juu ni mninga wenyewe ule wekundu wake, miguu krimu ya glezi, na nasema ukweli hivi imependeza kuliko nilivyoagiza.

Mama mkwe kaja juzi. Hakusema kitu, akavuta kiti, akakipindua kuangalia chini, kule fundi hakufika bado ni damu ya mzee.

"Huku hakupaka?"

"Hakupaka mama."

"Basi ni vyenyewe," akakaa.

Kwa hiyo kwa glezi nampa tisa kwa kumi, kwa meza nne, na ukimpelekea kazi kanunue andakoti mwenyewe umkabidhi ukiona inafunguliwa, na juu ya meza mwambie asiguse. Kabati sina la kusema bado, limepakwa vizuri ila vitasa viwili vya milango vimebaki kwake, tunafungua kwa kucha.